Faili Namba Arobaini na Moja

Daktari alilala kifudifudi mbele ya kabati la mafaili, kisogo kimepasuka. Kando yake kulikuwa na mashine nzito ya kutoboa karatasi, imetapakaa damu.

Inspekta alichuchumaa. Mwili ulikuwa bado na joto. Kufuli la kabati halikuvunjwa. Faili namba arobaini na moja halikuwepo.

"Ni la nani?"

"Sijui, afande," msaidizi wa utafiti alijibu, jasho likimchuruzika. "Majina aliyajua Daktari peke yake. Wahenga walisema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Sisi tulitafuta ushahidi ndani ya ubongo. Miaka ishirini tumewapiga watoto picha za kichwa na kuandika malezi yao, tujue ukatili unaota wapi."

"Unamshuku nani?"

"Yule jambazi wanayemwita Nyundo. Juzi alimtishia."

"Nyundo yuko mahabusu tangu jana. Nilimsweka mimi."

Karani wa masjala aliitwa. Alikuwa binti mpole, mikono kaikunja mapajani.

"Shikamoo, afande."

"Marahaba. Mafaili unayasoma?"

"Hata moja. Nabandika namba tu."

"Namba arobaini na moja limeibwa. Nadhani mwenyewe kalifuata."

"Atalifuataje, naye kafungwa maisha?"

Ulimi ulikuwa umeteleza.

"Nani kafungwa, binti?"

Karani akafungua mkoba, akalitoa faili.

"Mdogo wangu. Soma hapo."

Inspekta akasoma. *Miaka sita: mkono umevunjwa na baba. Miaka saba: kaunguzwa mgongoni. Familia isiingiliwe, matokeo yataharibika.*

"Walikuja kila mwaka," karani alisema. "Mama aliwapa viti. Mimi nilidhani wamekuja kutuokoa. Wiki iliyopita ndiyo nimeliona hili, nikamtambua mdogo wangu. Leo alfajiri nikamuuliza Daktari kwa nini alinyamaza."

"Akasemaje?"

"Akasema bila mdogo wangu wasingejua wanayoyajua leo. Kisha akanyoosha mkono nimrudishie faili lake. Lake, afande! Alipogeuka kulirudisha kabatini, nikampiga."

Akalia bila sauti. Inspekta alimfunga pingu taratibu, asimbane. Kisha akamgeukia msaidizi.

"Humu kabatini, wangapi bado ni watoto?"

Msaidizi alitazama sakafu.

"Nimeuliza wangapi!"

"Sitini na wawili."

"Na wangapi wanapigwa?"

Inspekta akawaita askari wake.

"Pakieni kabati zima. Tunaanza na mtoto mdogo kuliko wote, leo hii."