Kaseti ya Marehemu

Haya yalimpata rafiki yangu, fundi redio, na hata leo akiyasimulia macho huyaelekeza sakafuni.

Shangazi yake alimletea kompyuta ya marehemu mumewe, ile ya zamani inayosoma programu kutoka kwenye kaseti. Rafiki yangu akabadilisha kapasita iliyoungua, ikawaka. Ili ajue kama inahifadhi programu, akachukua kaseti moja kwenye boksi lililoletwa pamoja nayo. Kimeno cha kuzuia isifutwe kilikuwa kimevunjwa, lakini jamaa akaziba tundu kwa selotepu, akarekodi programu juu yake.

Jioni shangazi akaja. “Mwanangu, kuna kaseti moja ina sauti ya marehemu. Alivunja kimeno mwenyewe. Niwekee niisikie.”

Jamaa akaiweka kwenye redio ile yenye selotepu. Ikalia kriii ya programu mpaka mwisho. Shangazi akainuka, akaenda kusimama mlangoni. Jamaa alitamani ardhi ipasuke immeze. Akaichomoa kaseti.

Mara umeme ukakatika. Gizani, vitufe vya kompyuta vikaanza kulia: ta... ta... ta... kwa kidole kimoja.

“Acha kunichezea,” shangazi alisema kutoka mlangoni. “Marehemu ndiye aliyekuwa akibonyeza hivyo.”

Lakini mikono yote miwili ya rafiki yangu ilikuwa nyuma ya mgongo, imeificha ile kaseti.