Samaki Aliyebeba Watoto Kinywani

Je, umewahi kumfungua samaki kinywa ukatazama ndani? Sisemi samaki wa kwenye sahani, huyo ameshanyamaza. Nasema samaki wa asubuhi, ambaye bado anapiga mkia ndani ya beseni.

Clarisse alikuwa amefungua vinywa vya samaki vingi kuliko madaftari. Kila Jumamosi aliteremka na mama yake, Mama Constance, hadi ufuko wa ziwa pale Baraka, mahali mitumbwi inaporudi kutoka upande wa rasi ya Ubwari. Mama aliparua magamba, Clarisse alitumbua matumbo, na nzi nao hawakukosa kazi.

Akina mama wa ufuko ule walikuwa na desturi yao. Samaki akikutwa na watoto kinywani, maana wapo wanaolea watoto wao humo, hatumbuliwi. "Aliyebeba haendi sokoni," walisema, hata kama mnunuzi amesimama na kikapu. Mmoja wao huingia majini mpaka magotini, humfungua taya polepole, watoto wakatoka, na mama yao akaenda zake.

Mwaka ule Clarisse alikuwa na miaka kumi na miwili, na jambo kubwa lilikuwa linamngoja. Jumapili ya mavuno, watu wanapoleta kanisani vikapu vya mihogo, mikungu ya ndizi na samaki wakavu, mtoto husimama mbele na kusema kwa kichwa sura ya kwanza ya Biblia, habari ya uumbaji. Ni mtoto mmoja tu. Tangu alipokuwa wa kukaa mapajani, Clarisse alitamani maneno yale mawili ya kwanza yatoke kinywani mwake, kanisa zima likiwa kimya. Sasa Pasta Néhémie alikuwa amemchagua yeye. Gauni la kitenge lilikuwa tayari, na mikono ya gauni ilisimama kama mabawa ya kuku aliyeatamia.

Lakini siku ya Alhamisi, darasani, Mwalimu Eugène alichora ziwa ubaoni.

"Milima hii iliyo nyuma yetu," alisema, "na ile ya ng'ambo kabisa, zamani hapakuwa na bonde kati yake. Ardhi ikapasuka. Ikafunguka kidogo kidogo, katikati pakazama, maji yakajaa. Ziwa letu lina umri wa miaka milioni kumi hivi. Na mpasuko ule haujaacha kufunguka mpaka leo."

"Mama yangu!" darasa zima likaguta.

Clarisse alisisimka mpaka nywele. Alitazama dirishani, akayaona maji yaleyale aliyoyachota tangu utoto, na yakawa kwake kama mgeni mkubwa aliyeketi nyumbani mwao bila kusema umri wake.

Furaha ile haikufika nyumbani. Njiani Guy alimkimbilia. Guy alikuwa mwenzake wa darasa na wa kanisa, naye aliitaka sana nafasi ile ya Jumapili.

"We Clarisse! Jumapili utasimama useme Mungu aliumba vyote kwa siku sita. Mwalimu anasema miaka milioni kumi kwa ziwa peke yake. Nani anadanganya, Pasta ao mwalimu? Chagua moja!"

"Mi sijui."

"Basi njo weye utadanganya, mbele ya batu bote!"

Watoto wakacheka. Clarisse akacheka pia, ili asionekane analia.

Kesho yake, kwenye mazoezi kanisani, alifungua kinywa na maneno yakakwama. Clarisse akashika shingo.

"Pasta, koo linaniuma."

"Pole, mwanangu. Pumzika. Lisipopona, Guy atasema badala yako."

Papo hapo Guy akajaribu, akaikimbiza sura nzima kama pikipiki isiyo na breki, na kuruka siku ya nne. Nyumbani, Mama Constance alimfunga binti yake kitambaa shingoni, akamkamulia ndimu, akampa na maji ya chumvi asukutue. Clarisse alimeza ule uchachu wote, naye alijua vizuri kwamba hakuna kilichougua.

Jumamosi ilipofika alifanya kazi bila neno, akijibu kwa mikono. Akachukua samaki mmoja mwenye mistari myeusi, mashavu yamevimba. Akambonyeza taya kwa kidole gumba.

Ndani mlikuwa na macho! Macho madogo, mengi, yanamtazama.

Aliingia majini mbio, akalowanisha sketi, akamshusha samaki. Watoto wakatoka kama punje za mtama zilizopata uhai, wakatawanyika mbele ya uso wa mama yao. Clarisse akasogeza mkono, kivuli kikapita juu yao. Mara wote wakageuka pamoja, wakamiminika tena ndani ya kile kinywa, na kinywa kikafunga.

"Mama! Mama! Kuya uone! Banarudi mu kinywa! Bote!"

Sauti ile ilifika kwenye mitumbwi. Mama Constance aliangusha kisu.

"Ehe! Koo limepona?"

Na nyuma yake, na kikapu mkononi, alisimama Pasta Néhémie, aliyekuja kununua samaki wa wageni wa mavuno.

Maji yalimchezea Clarisse magotini. Akafungua kile kitambaa cha shingoni.

"Pasta, nilidanganya. Koo haliumi. Niliogopa. Nikisema siku sita, naona namkana mwalimu. Nikikubali miaka ya mwalimu, naona namkosea Mungu."

Pasta alivua viatu, akakunja suruali, akaingia majini, akainama mpaka pua karibu iguse. Samaki alifungua kinywa kidogo, macho yakachungulia, kisha akazama taratibu kuelekea kilindini.

"Ee Bwana," Pasta akasema kwa sauti ndogo. "Na mimi nimewala miaka hii yote." Akajipangusa uso. "Swali lako ni kubwa, mwanangu. Twende kwa mwalimu, tulibebe watatu."

"Wanne," akasema Mama Constance, akifunika beseni.

Mwalimu Eugène walimkuta akimwagilia mboga zake za lengalenga. Alisikiliza yote, ndoo mkononi, kisha akamgeukia Clarisse.

"Kila asubuhi mbele ya darasa ninaomba. Ulifikiri ninamwomba nani? Watu wamepima mawe na matope ya chini ya ziwa; hesabu ile siwezi kuificha ili nimpendeze mtu. Lakini nikijua namna ziwa lilivyofunguka, ninashangaa zaidi."

"Sikia, Clarisse," Pasta akasema. "Nyumbani ukiuliza, 'Nani amepika bugali?', utajibiwa nini?"

"Mama."

"Na ukiuliza bugali umetoka wapi?"

"Mihogo inalowekwa siku kadhaa, inaanikwa, inasagwa, maji yanachemka..."

"Je, majibu hayo mawili yanagombana?"

"Hayagombani," akadakia Mama Constance. "Yatagombana tu mtu akila bila kushukuru!"

Wakacheka wote, hata Clarisse.

"Sura ile ni shukrani," Pasta akaendelea. "Inatuambia ni nani aliyeumba, na kwamba alivyoviumba ni vizuri. Siku zake mimi sizipimi kwa saa yangu ya mkononi. Wengine wanazihesabu kama siku zetu, nao ni ndugu zangu. Kwa hiyo swali lako halikuwa kosa. Kosa lilikuwa kulifunga kwa kitambaa na kuliita ugonjwa. Mtoto mwenye swali asidanganye, aulize. Ukweli haumwogopi Mungu, maana ni wake."

Jumapili kanisa lilijaa, na harufu ya ndizi mbivu ikachanganyika na ya samaki wakavu. Guy alikaa mstari wa mbele. Clarisse alipopita, Guy akamnong'oneza, "Usiruke siku ya nne kama mimi, ee."

Clarisse alisimama. Kupitia madirisha aliliona ziwa, likimeta mpaka Ubwari. Aliwaza ardhi ikifunguka kidogo kidogo kabla hajakuwako mtu wa kuitazama. Akawaza maji yakijaa kilindini, na mahali fulani ndani yake kinywa kimoja kidogo kikiwalinda watoto. Watu wakanyamaza, hata watoto wa mgongoni. Mwili ukamsisimka kama siku ile darasani, ila safari hii hakushika shingo.

Akafungua kinywa.

"Hapo mwanzo," akasema.