Nenda Kanawe Uje Tena

Maji yalikuwa yamekatwa tangu Ijumaa, kwa hiyo karani wa bima aliposikia mtu ananawa mikono kwenye beseni la korido, saa sita mchana ya Jumatatu, alifurahi. "Alhamdulillahi, yamerudi," akasema, akachukua kikombe chake akatoka.

Koridoni hapakuwa na mtu. Alipofungua bomba likakoroma kama mzee aliyeamshwa usingizini, lisitoe hata tone. Lakini ndani ya beseni palikuwa na tope. Tope jeusi, bichi, lenye harufu ile ya chini kabisa ya mji.

"Nani amenawa hapa?" akamuuliza mama wa usafi, aliyekuwa amekalia ndoo yake aliyoipindua.

"Anawe na nini, mwanangu? Mate?" Mama wa usafi akacheka. Kisha akainuka, akachungulia beseni, na kicheko kikamkatika. "Nimelisugua sasa hivi. Sasa hivi tu, wallahi."

Karani akarudi mezani kwake. Juu ya karatasi nyeupe aliyoiacha dakika moja tu iliyopita palikuwa na alama ya dole gumba. Ya tope. Bado inang'aa.

Akaikunja ile karatasi akaitia mfukoni, asimwambie mtu. Alijua kitu ambacho mama wa usafi hakukijua.

Ofisi za mji ule zilikuwa ndogo: korido moja, beseni moja, na milango miwili iliyotazamana. Mlango mmoja wa injinia wa majitaka, mwingine wa bima ya wafanyakazi. Injinia alichimba mji haraka, karani akaandikisha wachimbaji polepole. Wachimbaji walimpa jina, Bwana Kesho, kwa kuwa ndilo jibu walilolipata dirishani kwake. Hakuwa mtu mbaya. Alisali sala zote tano, alitangulia kutoa salamu, hakuwahi kula cha mtu. Ila alikuwa na ugonjwa ambao wengi wetu tunao na hatuuiti ugonjwa: alimwona mtu mchafu kuwa ni mtu mdogo.

Kulikuwa na mchimbaji mmoja, mrefu, mcheshi, wenzake wakimwita Sururu. Alikuja dirishani mara tatu kuweka dole kwenye fomu ya bima. Mara ya kwanza aliambiwa fomu zimekwisha. Mara ya pili aliambiwa kesho. Mara ya tatu alitoka moja kwa moja mtaroni, tope mpaka viwikoni, akanyoosha dole lake kuelekea kidau cha wino.

"We! We! Ishia hapo hapo," karani akasema, akivuta karatasi zake kifuani. "Hii ofisi, si mtaro. Nenda kanawe uje tena."

"Nikinawa leo, kesho nimechafuka tena, bosi. Kazi yenyewe ndiyo hii. Wewe unanuka wino, mimi nanuka ninyi nyote." Watu wa foleni wakaangua kicheko. Karani hakucheka. Sururu akainua mikono kama mtu aliyeshindwa. "Haya, bosi. Kesho nitakuja nang'aa kama bwana harusi."

Hiyo kesho, asubuhi, hewa mbaya ilimkuta ndani ya chemba ya majitaka nyuma ya soko. Walimtoa kwa kamba, amekwisha.

Injinia alivuka korido siku ile uso umemshuka. Sheria ilikuwa wazi: asiye na bima asishuke chini, na Sururu alikuwa ameshuka wiki sita.

"Alijaza fomu?" injinia akauliza kwa sauti ya chini.

"Hakujaza."

"Kama hakujaza, basi huenda alikataa. Wako wanaokataa, hawataki kukatwa mshahara. Fomu ya kukataa ipo?" Akamtazama karani kwa muda, kisha akaondoka akafunga mlango taratibu.

Hakumwambia afanye lolote. Hilo ndilo lililomuuma karani baadaye: hata mtu wa kumtupia lawama hakuwa naye. Ni yeye mwenyewe aliyetoa fomu ya kukataa, akaandika jina la marehemu, akasoma maneno yaliyopigwa chapa pale chini, *Mimi niliyeweka dole gumba hapa, kwa hiari yangu nimekataa bima hii*, akasema Bismillahi kwa mazoea, ulimi wake ukashtuka katikati, na akabonyeza dole lake mwenyewe.

Tangu siku ile zilikuwa zimepita siku arobaini. Na Jumatatu hii beseni likaanza kunawisha mtu asiyeonekana.

Magharibi ile, nyumbani, aliteka maji ya ndoo atawadhe. Alipomaliza akaona dole gumba la kulia lina tope. Akalisugua kwa sabuni. Likatakata, kisha tope likachomoza tena taratibu kwenye mistari ya ngozi, kama jasho. Akalisugua kwa majivu, kwa limau, kwa jiwe la kusugulia visigino.

"Baba watoto," mkewe akamwita kutoka mlangoni, kiganja puani. "Umekanyaga nini huko? Nyumba nzima inanuka choo."

"Mitaro hiyo. Mji wote unanuka."

"Mji uko nje. Mimi nanusa hapa."

Alisali amelificha dole ndani ya ngumi, kana kwamba Mwenyezi Mungu haoni ndani ya ngumi.

Jumanne mjane wa Sururu alikuja dirishani. Mwanamke mwembamba, amebeba cheti cha ndoa ndani ya mfuko wa plastiki. Alikuwa amekwishaambiwa kwamba Alhamisi bodi itakaa ifunge faili la mumewe.

"Kaka yangu, nimekuja kukuuliza jambo moja tu. Wanasema alikataa. Alikataaje? Yule mtu hata chai iliyopoa alikuwa hakatai. Siku aliyokufa aliamka mapema akanawa, akasugua kucha kwa mswaki wangu, nikamgombeza. Akaniambia leo napita kwa Bwana Kesho, nisamehe mswaki." Akauviringisha mfuko wa plastiki mkononi. "Nilimgombeza kwa ajili ya mswaki, kaka."

Karani akafungua mdomo. Wakati ule ule, nyuma ya mjane, koridoni, viganja vikaanza kusuguana ndani ya maji, polepole, kwa bidii ya mtu aliyeambiwa asirudi mpaka atakate.

"Njoo Alhamisi, dada," akasema.

Jumatano hakwenda kazini. Alama za tope zilikuwa zimejaa nyumba: kwenye swichi ya taa, kwenye daftari la binti yake, kwenye foronya, kwenye shavu la mwanawe mdogo aliyekuwa amelala. Ile ya shavuni ndiyo iliyommaliza mkewe. Hakupiga kelele. Alimfuta mtoto, akajifunga mtandio, akatoka, akarudi na mwalimu anayesomea watu wenye majini, mzee mkavu asiyependa maneno mengi.

Mwalimu alimkalisha karani chini sebuleni, akamshika dole, akalinusa, akaanza kusoma. Mwanzo hapakuwa na kitu, sauti yake tu na kuku wa jirani. Kisha bomba la jikoni, ambalo halikuwa na maji, likaanza kutiririka, na mke wa karani akainuka kwenda kulifunga, akakuta limefungwa, na huku limefungwa mtiririko unazidi, na harufu ikapanda kutoka kwenye tundu la sinki na tundu la bafu na ufa wa sakafu ambao hawakuwahi kujua kwamba upo, ikajaa chumba mpaka macho yakatoa machozi, na mwalimu anasoma, jasho linamtiririka ndevuni, anasoma, na karani akahisi ulimi wake unavutwa nyuma kama ndoo inayoshushwa kisimani, na sauti isiyo yake, nzito, yenye mapovu, ikapanda kooni mwake ikatoka.

"Acha kunichoma, mzee. Simtaki mtu huyu."

"Basi toka," mwalimu akasema.

"Nitoke vipi na nimebeba amana?"

Mwalimu akaweka kidole kwenye kitabu. "Amana ya nani?"

"Mimi ni jini, makazi yangu majitakani. Wachimbaji walipovunja kwangu nilikasirika, nikamfuata mmoja nimdhuru. Nikakuta hewa imenitangulia. Amelala kwenye tope anakata roho. Gizani akanishika mkono, akanidhania mwenzake. Akasema, ndugu yangu, mimi nilishanawa. Kaniwekee dole pale ofisini, mke wangu asihangaike. Nikamwambia nitakuwekea. Tangu siku ile nanawa, halitakati. Sisi wa kule hatutakati. Nikaenda hivyo hivyo. Nikakuta dole limeshawekwa, mahali pa kukataa." Kinywa cha karani kikatabasamu bila yeye kutaka. "Muulizeni ni la nani."

Maji yakakatika. Mke wa karani alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni.

"Baba watoto," akanong'ona. "Ni la nani?"

Karani akalia tu, akilitazama dole lake. Mkewe akaketi pale pale mlangoni, akajifunika uso kwa mtandio.

Mwalimu akafunga kitabu, akakiviringisha kwenye kitambaa. "Huyu simtoi."

"Mwalimu, nakuomba..."

"Mimi natoa wadhalimu, mwanangu. Leo nimemkuta jini anashika amana na mtu wa msikitini ameivunja. Nikimsomea huyo, nitamjibu nini Mola? Kesho ni Alhamisi. Dawa yako unaijua." Mlangoni akageuka, sauti ikalainika. "Nami nina amana zangu zinazonisubiri. Usidhani nakucheka."

Bodi ilikaa saa nne asubuhi: mwenyekiti wa mji, ambaye alikuwa mwanamke mnene aliyevaa miwani, pamoja na injinia na wajumbe wawili waliokuwa wakisinzia. Mjane alikaa kwenye kiti cha ukutani na mfuko wake wa plastiki. Karani alisimama ameshikilia faili kama kawaida.

"Marehemu alikataa bima kwa hiari yake," mwenyekiti akasoma. "Dole lipo. Kuna mwenye neno kabla hatujafunga?"

Nje, koridoni, mtu alikuwa ananawa. Karani alitazama nyuso za wengine, akaona hakuna aliyesikia. Kisha kunawa kukakoma, na kule kukoma kukawa kubaya kuliko sauti yenyewe, kwa sababu sasa zilikuwa nyayo, nyayo zilizolowa, chwa, chwa, zikipita mlango wa injinia, zikipita dirisha la bima, zikija hadi mlango wa chumba cha mkutano, na chini ya mlango tope likaanza kuingia, jembamba kama ulimi, likipita katikati ya viti bila kumgusa mtu, likielekea kwa mjane, likasimama karibu na viatu vyake, na karani akaelewa kwamba mgeni amechoka kwenda kwa makarani na sasa anaipeleka amana kwa mwenyewe.

"Mimi," akasema. "Ni mimi."

"Wewe nini?"

"Dole hilo ni langu." Injinia alikuwa anamkazia macho. Karani akavuta kidau cha wino, akabonyeza dole lake kwenye karatasi tupu, akaisogeza pembeni ya ile fomu. Hapakuhitajika mtaalamu. Kovu la panga alilolipata utotoni lilikata dole katikati, na lilikata alama zote mbili. "Alikuja mara tatu. Mara ya tatu nilimwambia aende akanawe. Hakukataa chochote. Aliyekataa ni mimi."

Mwenyekiti alivua miwani, akazitazama alama zile mbili kwa muda mrefu. "Kama ofisi ndiyo iliyomrudisha," akasema mwisho, "basi ofisi ndiyo itakayombeba. Andikeni kwamba alikuwa na bima." Kisha akamgeukia injinia. "Na wewe ubaki. Utanieleza alishukaje wiki sita."

Mjane hakushukuru, wala hakumtukana karani. Alisimama, akafika mbele yake, akauliza swali moja.

"Tope alilokuwa nalo siku ile, lingechafua sana?"

"Hapana, dada," karani akasema. "Lingefutika."

Sakafuni hapakuwa na kitu. Alipokwenda kukusanya vitu vyake, aliikuta droo iko wazi na fomu tupu ya bima, ile ambayo Sururu hakuwahi kuiwekea dole, iko juu ya meza. Imewekwa dole la tope, mahali panapostahili. Harufu ilikuwa imeondoka. Magharibi alitawadha, dole likatakata, likabaki limetakata, naye akasujudu akakaa huko chini mpaka watoto wakadhani amelala.

Hapo wengi wangependa hadithi iishie. Lakini aliyefukuzwa kwa kughushi nani atampa kalamu? Mwezi wa nne tangu afukuzwe, baada ya kubisha kila mlango, alipata kazi moja tu iliyokuwa haiulizi cheti: kuchimba mitaro ya majitaka. Wachimbaji walimpokea kwa utani. "Bwana Kesho umefika leo!" Alicheka nao. Aliona ni haki.

Siku ya tatu akaenda kujiandikisha. Dirishani alikuwa binti mgeni, mpole, mwenye haraka. Yeye mwenyewe alilishika dole la mchimbaji huyu mpya, akalichovya winoni, akalibonyeza kwenye fomu. Akainua. Akatazama. Akabonyeza tena.

Duara jeusi tu. Hakuna mistari, hakuna kovu. Karani wa zamani akalileta dole karibu na macho yake, na hapo ndipo alipoona kwamba limekuwa laini kama ganda la yai. Kile kitu cha majitakani hakikuwa na alama za kidole. Kilipoweka dole la marehemu kilikuwa kimeazima za karani.

"Dole lako halitoki, baba," binti akasema, akiwa tayari anamwita anayefuata. "Labda tope. Nenda kanawe uje tena."

Akaenda koridoni. Maji yalikuwepo siku hiyo. Akafungua bomba, akaweka mikono chini yake, akaanza kusugua. Na pembeni yake, karibu kabisa na kiwiko chake, viganja vingine vikaanza kusuguana.

Hakukimbia. Angekimbilia wapi, bila bima? Alijisogeza kidogo kushoto, kama unavyompisha mwenzako wa kazi.