Majani Yaliyolaliwa

Tulikwenda Makwale kutafuta sufi, tukarudi na majani. Kuuliza si ujinga, wanasema, lakini kaka yangu Badru hakuzaliwa na ulimi wa kuuliza. Mimi ninao. Siku ile niliuuma.

Niwaeleze kwanza. Badru alirudi kutoka Dar es Salaam enzi hizi za ruksa, kila mtu anauza anachotaka, na yeye akaja na deki mbili za kaseti, mikisa ya kuchanganyia sauti na maikrofoni zilizofungwa kwenye blanketi. Alitaka kurekodi kwaya na bendi hapa hapa Kyela mjini, kwenye chumba cha nyuma ya duka alilotuachia marehemu baba. Chumba kizuri, lakini cha tofali za saruji na bati juu. Ukipiga makofi kinakujibu. Gitaa la besi likiguswa, mvumo unakimbilia kwenye pembe za kuta na kukaa huko kama mgeni asiyeaga.

"Tutaziba kuta kwa fremu za mbao," Badru aliniambia. "Ndani tunajaza kitu laini, juu tunafunika kitambaa. Kwenye pembe tunasimamisha kubwa, kutoka sakafuni mpaka darini. Hiyo ni mitego ya besi."

"Ya panya hatuna, tunatega besi," nilimjibu.

Alicheka. Nilipenda kumchekesha. Baba na mama wametangulia, ukoo mwingine uko Tanga na hatuujui hata kwa sura. Hapa duniani mimi nilikuwa na Badru, na Badru alikuwa na mimi, basi.

Sponji ya dukani ilitushinda bei. Pumba za mpunga zilikuwa nzito, zinashuka chini ya fremu na kuacha juu patupu. Ndipo tukaambiwa kuna mzee Makwale ana sufi. Tulifika tukakuta ameshaiuza. Tukawa tunarudi na baiskeli zetu na magunia matupu, jua linazama nyuma ya milima ya Bundali, Badru amenuna. Njia ya mkato ilipita nyuma ya nyumba moja yenye migomba mingi.

Hapo ndipo alipoliona lile lundo.

Majani makavu ya mgomba, yametupwa mwisho wa shamba. Hayakuwa kama majani yanayoanguka yenyewe, magumu na yenye kukatika. Haya yalikuwa yamelainika, yamesagika, yamekuwa kama nyuzi. Badru aliingiza mkono mpaka kwenye kiwiko.

"Sabrina, shika. Godoro kabisa."

Nilishika. Yalikuwa na uvuguvugu. Nikajiambia ni jua la mchana. Lakini harufu... ilikuwa harufu ya watu. Jasho, moshi, maziwa ya mama anayenyonyesha.

"Tuwaulize wenyewe," nilisema.

"Takataka inaulizwa?" Alikuwa ameshafungua gunia.

Tulijaza haraka haraka. Nyumba ilikuwa kimya, uani kuna majivu ya moto mkubwa uliokuwa umezimwa. Nilipoinuka kunyoosha mgongo nikaona mwanamke amesimama katikati ya migomba. Amejifunga kitambaa kiunoni. Sikumsikia akija.

"Ndaga, mama," nilimsalimia.

Alikuwa anayatazama magunia.

"Mnayarudisha ndani?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Tunayachukua, mama," Badru alisema. "Yana mwenyewe?"

Mwanamke alimtazama Badru.

"Sasa yanaye," alisema.

Nilifunga gunia la mwisho. Nilipogeuka hakuwepo. Migomba haikutikisika.

Sitaki kuongopa, kazi ilitoka vizuri. Badru alipiga randa mbao mwenyewe, akaunga fremu, tukashindilia majani na kufunika kwa mashuka ya mitumba. Zile kubwa tukazisimamisha kwenye pembe. Alipomaliza alisimama katikati ya chumba akapiga makofi. Kofi lilikufa pale pale mikononi mwake. Alipiga tena. Akaimba. Sauti ilitoka kinywani ikamezwa. Badru alikuwa na furaha ya mtoto siku ya Idi. Mimi masikio yalizibika. Nilitoka nje nikasimama barabarani nisikie baiskeli zikipita na wachuuzi wakigombana, kwa sababu mle ndani nilisikia damu yangu mwenyewe ikitembea.

Majani mengine yalibaki. Badru aliyashonea kwenye gunia, akafanya godoro, akaanza kulala studio. Eti vibaka wa mjini wameshaona deki zikishushwa. Nilimwambia nyumba ina vitanda. Akasema hajawahi kupata usingizi kama ule.

Kwaya ya kwanza kurekodi ilitoka huko huko Makwale, ikiongozwa na Tusekile. Huyu ni mama wa makamo, mkulima wa kokoa, sauti yake inasikika ng'ambo ya mto. Mle ndani aliimba akawa anashika koo lake.

"Chumba chenu kinavuta," alininong'oneza walipopumzika.

Waliimba mpaka wakamaliza. Wakaondoka alasiri. Mimi na Badru tukakaa kusikiliza kaseti. Nyimbo zilikuwa safi, kila sauti imekaa mahali pake. Wimbo wa mwisho uliisha. Badru akanyoosha kidole kuzima, nami nikamshika mkono.

"Ngoja."

Kaseti ilikuwa inazunguka. Mchakacho mdogo wa utepe... kisha, mbali sana, kitu kingine. Wanawake. Hawakuwa wakiimba. Walikuwa wakilia, kile kilio cha hapa Unyakyusa kinachopanda na kushuka, mmoja anapokea kwa mwingine. Walikuwa wengi. Kisha katikati yao ikatoka sauti ya mwanamume, imekauka kwa kulia.

"Mdogo wangu... Sabrina... mdogo wangu umeniacha na nani..."

Nilimtazama Badru. Midomo yake ilikuwa imefungwa.

Sauti ilikuwa yake.

"Mawimbi ya redio yameingiliana," alisema. Akazima. Mkono wake ulikuwa umetulia kabisa, na hilo ndilo lililonitisha kuliko kaseti yenyewe.

Tangu siku ile sikutulia. Nikikaa nasimama, nikisimama natafuta pa kukaa. Nilimwangalia Badru kama mtu anavyoangalia chungu kinachotaka kufurika. Aliacha kunyoa ndevu. Alikataa kiti, akawa anakula sakafuni ameegemea ukuta, na mezani nimeandaa. Mteja mmoja alipoingia, Badru akamnyooshea mikono yote miwili, vile wafiwa wanavyopokea pole. Mteja akabaki anashangaa.

Halafu jioni moja nilipika kambale kwa nazi. Alionja, akatikisa kichwa.

"Sabrina alikuwa fundi wa hii," alisema.

Nilikuwa nimekaa mbele yake. Magoti yetu yalikuwa karibu kugusana.

"Alikuwa?"

Alinitazama kwa shida, kama mtu anayetafuta sindano. "Nimesema wewe ni fundi," alijibu.

Niliogopa. Naandika hivyo hivyo bila kupamba: niliogopa nikatoka nje.

Tusekile alipokuja kuchukua kaseti za kwaya, nilimvuta pembeni nikamweleza. Hakunicheka. Aliingia studio, Badru akiwa sokoni, akaenda moja kwa moja kwenye pembe. Aliweka pua kwenye shuka. Akachana kwa ukucha, akatoa uzi mmoja wa jani, akaushika karibu na mwanga.

"Mlitoa wapi?"

Nilimwambia. Lundo, migomba, mwanamke aliyejifunga kiunoni.

Alikaa chini. "Nyumba ile ilikuwa na msiba," alisema polepole. "Sisi watu wakifiwa, majani ya migomba yanatandikwa ndani, wafiwa wanajifunga vitambaa kiunoni na kulala juu yake. Wanalia juu yake. Siku ya kumaliza yanafagiwa, yanatupwa kwenye migomba, watu wanakwenda kuoga mtoni, basi. Kilio kimetoka nje. Hakuna anayeyaokota. Hata mtoto mdogo anajua."

"Sisi hatukujua."

"Ninyi mmekirudisha kilio ndani. Tena mmekipigilia misumari." Alisogeza uso karibu na wangu, akanong'ona. "Nani analala humu?"

"Badru."

Alifumba macho.

"Mtu halali msibani bure, mwanangu. Lazima awe na maiti wake."

Hakuhitaji kuendelea. Maiti wa Badru angekuwa nani, kama si mimi? Nani mwingine alikuwa naye?

Nilimwuliza tufanye nini. Akasema yatoke, yarudi yalikotoka, na ayatoe yule yule aliyeyalalia. Kisha akaoge. Yeye atatusindikiza.

Nilidhani Badru atapigana. Studio ilikuwa ndoto yake, na kile chumba, kusema kweli, watu wa bendi walikuwa wameanza kukisikia hadi Mbeya. Lakini Tusekile alipomwambia tu, "Baba, siku ya kufagia imefika," aliinuka kama aliyekuwa anaisubiri. Aling'oa fremu moja moja. Alichana mashuka kwa mikono. Alisomba majani kwa kukumbatia, akayaweka kwenye magunia, na kila kumbatio lilitoa ile harufu, ila sasa ilikuwa kali zaidi, na nilitambua kitu kipya ndani yake.

Mafuta yangu ya nywele.

Tulifika Makwale jua likiwa limekaribia milima. Nyumba ilikuwa imefungwa, uani hapana mtu. Tusekile alimwonyesha mwisho wa migomba. Badru akamwaga gunia la kwanza, na hapo akaanza kulia.

Sijawahi kumsikia analia hivyo, hata kwa mama. Alipiga magoti kwenye majani. Alijirusha. Alilia kwa Kiswahili chetu cha nyumbani na kwa Kinyakyusa ambacho hajui hata kukitamka. Nilitaka kumshika, Tusekile akanizuia.

"Mwache. Kinatoka."

Kati ya migomba nilisikia wengine wakipokea. Sikuona mtu. Kilio kilipanda, kikashuka, kikapanda... Niliziba masikio, kikapita katikati ya vidole.

Kisha kikakatika. Badru aliinuka, akajikung'uta magoti, akatembea mpaka mtoni. Aliingia na nguo. Alizama mara kadhaa, akatoka anatiririka maji, na uso wake ulikuwa uso wa Badru, yule wa siku zote, mwenye kicheko karibu na mdomo.

"Ndaga fijo, mama," alimshukuru Tusekile. "Nimepata nafuu."

Tusekile alinishika mkono, anatabasamu. "Kimekwisha. Kwetu tunasema hivi, na ninyi Waswahili mnasema matanga yameanuliwa."

Nilifurahi. Machozi yalinitoka kwa furaha. Na katika furaha ile hakuna kati yetu aliyefikiri. Tulipaswa kumwuliza kabla hajaingia mtoni. Swali dogo tu: unamlilia nani?

Badru alipanda baiskeli akaondoka. Nilimwita anisubiri. Hakugeuka. Nikajua ana baridi, anawahi nguo kavu.

Asubuhi nilimkuta dukani anapiga mluzi. Nikamsalimia, "Shikamoo kaka." Aliendelea kupanga kaseti. Nikarudia. Akapita kando yangu kwenda kufungua dirisha, bega lake likagusa langu, naye akajisugua bega kama mtu aliyepulizwa na upepo wa mlangoni.

"Badru, mzaha mzaha hutunga usaha," nilimwambia.

Alikuwa hafanyi mzaha.

Adhuhuri alifungua chumba changu. Alikunja kanga zangu, gauni langu la Idi, viatu, akavifunga vizuri na kuvipeleka kwa majirani, sadaka ya marehemu. Nilimfuata njia nzima nikipiga kelele. Majirani walinitazama mimi, wakamtazama yeye, wakapokea kwa sababu hawakujua wafanye nini. Jioni alisimama mbele ya mlango wangu, akainua viganja, akanisomea Fatiha. Aliisoma vizuri, kwa utulivu, kwa mapenzi. Nilikaa kitandani ndani nikaisikiliza mpaka mwisho. Nilipoona amepangusa uso, midomo yangu ikasema amina yenyewe.

Hana wazimu. Anahesabu chenji sawasawa, anarekodi bendi, chumba kinavuma na wateja wananung'unika. Amenenepa. Ananitaja kwa wageni, ananisifia. Mimi napika, naye anakula chakula changu bila kuuliza kimetoka wapi. Usiku nikimsikia anakoroma ng'ambo ya ukuta nashukuru kwamba angalau yuko hai. Ni ndugu yangu. Siwezi kwenda kokote.

Nilikuwa najifariji kwamba ni yeye peke yake. Majirani walinunua kwangu dukani, watoto walinisalimia, na Tusekile, akija mjini kuuza kokoa, aliketi nami na kunililia.

Lakini kwaya yake ilikaa mle ndani kutwa nzima, ikivuta hewa ile na kuimba ndani ya majani yale.

Alhamisi iliyopita nilikutana naye sokoni, kwenye ndizi. Nilimwita kwa jina. Nilisimama mbele yake kabisa. Tusekile aliinua kichwa, akatazama huku na huku kati ya watu, akavuta kanga yake mabegani kana kwamba amesikia baridi.

Labda hakuniona. Soko lilikuwa limejaa.