Namba Kumi na Saba

Jumatatu asubuhi ukumbi wa mapokezi wa hospitali kuu hujaa hadi mlangoni, na Jumatatu ile lifti nayo ilikuwa imegoma. Mtafiti alikwama katikati ya watu, koti jeupe juu ya gauni la kijani, amekumbatia kisanduku cha baridi kama mtu aliyebeba mayai ya jirani. "Samahani, naomba nipite," alisema mara ya tano. Hakuna aliyesogea.

Ndipo filimbi ikalia.

Ilikuwa filimbi kali, ya uwanjani. Ukumbi wote ukanyamaza, na mlinzi akasimama wima. Mwanamume mrefu, mwenye suruali ya michezo na shati lililopigwa pasi kupita kiasi, alinyoosha mkono kuelekea ngazi.

"Mpisheni dada," alisema.

Walimpisha. Alipofika kwenye ngazi alicheka mpaka akashika ukuta.

"Wewe ni nani hasa?"

"Refa wa mpira. Nimemleta mchezaji aliyevunjika kidole. Na hicho kisanduku kina nini?"

"Dhahabu."

"Kumbe nimemsindikiza tajiri bila kujua."

Walipeana namba za simu, na siku ya pili Refa alipiga kuuliza kama dhahabu ilifika salama. Siku ya tatu hakutafuta kisingizio.

Dhahabu ilikuwepo kweli, ila si ya kuvaa. Mtafiti alimweleza kwenye benchi la bustani ya hospitali, viatu kavua.

"Ni chembe ndogo sana. Ukizipanga elfu moja kwenye mstari, hazifikii unene wa unywele wako. Tumezivisha koti linalopenda chokaa ya mfupa. Mfupa mzima umeificha chokaa yake. Ukipata ufa, hata ule usioonekana kwenye picha za kawaida, chokaa inabaki wazi na chembe zinang'ang'ania hapohapo. Tukipiga picha, ufa unang'aa."

"Yaani zinazunguka mwili mzima zikitafuta palipoumia?"

"Ndiyo."

"Nilidhani ni mama yangu tu anayeweza hivyo."

Wakapendana, tena kwa kasi. Jioni Refa alijilaza kwenye kochi lake, mguu wa kushoto mapajani mwa Mtafiti, naye akimkanda. Chini kidogo ya goti palikuwa na kinundu, na mfupa ulipinda kidogo kuelekea ndani.

"Nilikuwa na miaka kumi na mmoja," Refa alimwambia. "Plasta nikaikata mwenyewe kwa kisu cha jikoni, wiki ya tatu. Tulikuwa na mechi."

"Na leo unawapa wenzako kadi kwa kuvunja sheria."

"Ndiyo maana nazijua vizuri, laazizi."

Alizijua kweli, na hapo ndipo balaa lilipoanzia. Mwezi wa nne wa mapenzi yao Mtafiti alimpigia simu akilia. Utafiti ulihitaji watu arobaini wenye maumivu ya miguu, wanaokimbia sana. Mmoja alikuwa amejitoa, na asipopatikana mwingine kufikia Ijumaa, kazi ya miaka mitatu ingefungwa.

"Usilie, roho yangu," Refa alisema. "Mtu atapatikana."

Akaenda kujiandikisha mwenyewe, kimyakimya. Miguu yake ilikuwa inamuuma tangu msimu uanze. Muuguzi wa usajili alimsomea masharti: nusu ya watu watachomwa chembe, nusu maji ya chumvi, wote watapigwa picha kila Jumanne, na wasomaji wawili watazisoma picha kwa namba tu, bila kujua ni za nani. "Kwa hiyo usiwasiliane na msomaji yeyote mpaka bahasha za majina zifunguliwe."

"Hata kwa simu?" Refa aliuliza.

Muuguzi alidhani ni utani. "Hata kwa simu, kaka yangu."

Mtafiti alikuwa mmoja wa wale wasomaji wawili, na Refa alilijua hilo. Mtu mwingine angerudi kuuliza, au angejitoa. Refa alihesabu miezi mitatu hadi bahasha zifunguliwe, akaona si mingi, akatuma ujumbe mmoja: *Nitakuwa kimya kidogo. Nisubiri.* Baada ya hapo hakupokea simu hata moja.

Mtafiti alipiga mara kumi na nne wiki ya kwanza. Wiki ya pili alikwenda kugonga mlango wa Refa, akakuta pamefungwa. Dada yake Mtafiti, ambaye hakuwahi kumung'unya maneno, alimpokonya simu mkononi.

"Mwanamume akikuambia nisubiri, asiseme mpaka lini, ameshaaga huyo. Kula, mdogo wangu."

Alikula, alifanya kazi, lakini alimkumbuka kila alipokunja shuka. Alikumbuka uzito wa mguu ule mapajani. Alimchukia asubuhi na kumtamani jioni, na hakuna siku aliyofaulu kumsahau.

Wiki ya kumi na moja, siku ya Jumanne, alikaa kwenye chumba cha wasomaji na kufungua, kwa mara ya kwanza, picha za namba kumi na saba.

Mguu wa kushoto. Mfupa ulipinda kidogo kuelekea ndani, na chini ya goti palikuwa na kinundu. Vidole vyake viliutambua kabla ya macho. Alikaa akiitazama picha ile hadi machozi yakaizima. Kumbe hakuachwa. Jumanne zote hizo mtu wake alikuwa ng'ambo ya ukuta, hatua ishirini, amelala kwenye mashine.

Alipofuta macho ndipo akaona kilichobaki. Chini ya kinundu, mstari mwembamba ulikuwa unang'aa na kuingia karibu nusu ya mfupa. Chembe alizozipika kwa mikono yake zilikuwa zimeuona ufa.

Bahasha zingefunguliwa mwisho wa mwezi, na Jumamosi ilikuwa fainali. Refa alikuwa amesubiri miaka minane kuchezesha fainali hiyo. Angekimbia dakika tisini juu ya mfupa ule.

Hakupiga simu. Alipanda hadi ofisi ya Profesa, mkuu wa utafiti.

"Namba kumi na saba asikimbie. Na namjua ni nani. Ni mpenzi wangu."

Profesa alivua miwani taratibu. "Unajua unachokisema? Ukishamtambua mtu, huwezi kuendelea kusoma. Ripoti itatoka na jina la mwingine."

"Najua."

"Miaka mitatu, binti yangu."

"Najua, Profesa. Mfungulieni bahasha yake leo."

Msomaji wa pili aliuona ufa uleule. Jioni ile daktari alimwita Refa na kumpiga marufuku kukimbia, na Mtafiti akatuma ujumbe: *Mimi si msomaji tena. Pokea simu.*

Simu ililia kabla hajaiweka chini.

"Hiyo ni ruhusa rasmi?" Refa aliuliza.

"Wiki kumi na moja. Nilidhani umenitupa."

"Nilitaka kazi yako isife. Jumanne moja nilikusikia unacheka nyuma ya ukuta. Niliuma mkono nisikuite."

"Ungeniita, mjinga wewe," alisema, naye akilia waziwazi.

Jumatatu iliyofuata walikutana palepale mapokezi, yeye na kisanduku chake, Refa na magongo mawili, shati limenyooka vilevile. Watu walikuwa tele.

"Fainali kachezesha mwingine," Refa alisema.

"Na picha zangu anazisoma mwingine."

"Basi tumebaki wawili tusio na kazi. Nikuoe?"

"Taja siku. Sitaki tena ile nisubiri isiyo na tarehe."

"Siku nitakayoyaacha magongo haya. Daktari kasema wiki tisa. Jumamosi ya tisa, kuanzia hii ijayo."

Mtafiti alizihesabu kwa vidole juu ya kisanduku, polepole, asije akakosea. Refa alichomoa filimbi mfukoni akamvisha shingoni.

"Piga wewe."

Alipiga. Ukumbi ukanyamaza, njia ikafunguka hadi kwenye ngazi, wakapita wote wawili kwa mwendo wa magongo.