Teksi kwa Gharama za Tomasi

Bisibisi ilikuwa mdomoni na mkono wake wa kulia ulikuwa ndani ya mashine ya fotokopi hadi kwenye kiwiko, sauti ilipomfikia sikioni.

"Kasa, hapa Nguru. Anwani ya Tomasi imevuja."

Unaisi Lomavere hakugeuka. Aliitoa bisibisi mdomoni, akajifanya anakagua roli. Ovaroli ya fundi ilimbana kwapani, pale ilipolala bastola yake ya Glock.

"Nani kasema?"

"Tumenasa simu ya ile yoti. Wamemtuma mtu wa kummaliza, yuko njiani kwenda Navua. Hatujui anasafiri na nini. Kule nina askari mmoja na mbwa."

"Mbwa wa kikosi?"

"Wa jirani."

Nguru alikuwa Waisale, mkuu wake kazini na mtani wake kwa asili. Siku nyingine angemjibu.

Tomasi Vuniwai alikuwa mhandisi wa yoti hiyo. Aliona dawa za kulevya zilizoshushwa bandari ya Savusavu chini ya barafu ya samaki, naye hakuwa mtu wa kunyamaza. Wiki ijayo angesimama mahakamani kutoa ushahidi. Kitengo chao cha polisi kilimficha kwa shangazi yake, ng'ambo ya mto Navua, na mawakili wake pekee ndio waliopewa anwani, maana ilibidi wampelekee karatasi za kusaini.

Mawakili hao ndio wenye ofisi hii. Kitengo kilikuwa kimeanza kuwashuku; ndiyo maana Unaisi alikuwa hapa, katikati ya Suva, mji mkuu wa Fiji, mikono ikiwa myeusi kwa wino.

Kioo cha mashine kilimulika maneno yaleyale.

INGIZA NAMBA YA MTEJA.

Bila namba hiyo mashine haikutoa hata karatasi tupu. Ndivyo ofisi zote za mtaa ule zilivyokwenda. Karatasi, stempu, simu, tarishi, teksi, kila kitu kiliandikwa kwa mteja fulani, na mwisho wa mwezi kikaingia kwenye bili yake. Unaisi hakuona ubaya hapo. Aliyenakiliwa makasha ya nyaraka asibebwe na aliyeandikiwa barua moja. Ubaya ulitegemea kidole kilichobonyeza.

Alichomeka kifaa chake, kidogo kama kiberiti. Kumbukumbu za ofisi zikamiminika kwenye Samsung yake.

Alitarajia kutafuta sana. Mwizi mwenye akili angejificha chini ya gharama za ofisi yenyewe. Akaanza na namba ya Tomasi, ili tu aanzie mahali.

Yote yalikuwa pale.

Ukurasa wenye anwani, ulichapishwa jana. Simu kwenda kwenye yoti. Tarishi hadi bandarini. Na asubuhi hii, teksi, Suva hadi Navua, abiria "mgeni wa ofisi". Jina la aliyeagiza lilikuwa Garrick Thornbury, wakili mkuu.

Aliyasoma mara ya pili, polepole, asije akamwonea mtu.

Hakumwonea. Mgeni hakutaka kukodi gari kwa jina lake, na Thornbury, katika maisha yake yote ya kazi, hakuwahi kubandika hata stempu bila kuiandika kwa mteja. Amemuuza mtu. Kisha mkono wake, kwa mazoea tu, ukampelekea aliyeuzwa gharama za kuuzwa kwake.

Pamoja na kodi.

Unaisi alihisi masikio yakimwaka. Alipoingia alimpita mke wa Tomasi, Losalini, pale mapokezi. Udongo wa majimbi ulikuwa kwenye kucha, bahasha mapajani. Ametoka sokoni kulipa bili ya mwezi.

Akapiga kituo cha teksi.

"Teksi, sema."

"Bi Shakuntala, ni Unaisi."

"Yule aliyetapika kwenye gari la Rajnesh?"

"Niliumwa, mama."

"Ulizidisha kunywa kava. Unataka nini?"

"Gari lililomchukua mgeni wa Thornbury. Liko wapi?"

"Huyohuyo Rajnesh. Anakaribia Naboro. Anasema abiria wake hata salamu haitikii."

"Huyo abiria anajua Kihindi?"

"Atajulia wapi?"

"Basi mwambie Rajnesh kwa Kihindi, kawaida tu, kama mnagombana juu ya chakula. Akate kona Naboro. Aende moja kwa moja hadi geti la gereza. Azime gari, alale chini."

"Binti, Rajnesh ana watoto."

"Najua, mama. Ndiyo maana nataka huyo abiria ashukie kwa watu wenye bunduki. Barabarani Rajnesh yuko naye peke yake."

Bi Shakuntala alishusha pumzi. Kisha Unaisi akamsikia kwenye redio ya magari, akifoka kwa Kihindi kuhusu roti zilizopoa. Rajnesh alijibu kwa neno moja.

"Nguru. Geti la Naboro, sasa hivi."

"Mtani, unampeleka jela kwa teksi?"

"Wapigie."

Viatu vilisimama nyuma yake.

"Fundi, hiyo mashine bado tu?"

Thornbury alishika kikombe cha chai. Macho yake yalishuka kwenye Samsung, yakaliona jina lake. Akaweka kikombe chini kwa uangalifu. Mkono ukaenda mfukoni kwenye simu.

Haukufika.

Unaisi aliukamata kifundoni, akaulaza juu ya kioo cha mashine, akaufunikia kifuniko kwa uzito wake wote. Thornbury aliguna. Glock ikamgusa shavu.

"Tulia, mzee. Tusikilize wote."

Samsung ilikuwa bado hewani. Kwenye redio ya Bi Shakuntala zilisikika kokoto chini ya matairi. Breki. Mlango. Sauti nyingi zikiamuru kwa pamoja.

Hakuna risasi.

"Kasa," Waisale alisema. "Mgeni amekuta wenyeji. Dereva wako anauliza nani analipa."

Unaisi aliinua kifuniko.

"Ni kosa la uandishi," Thornbury alisema, akisugua mkono. "Gharama hizo zinaweza kurudishwa kwa mteja."

"Kurudishwa."

"Zote."

Unaisi alitamani kumpiga. Alihesabu pumzi zake mpaka tamaa ikapungua.

"Nataka wakili wangu," Thornbury alisema.

"Haki yako. Simu ile pale."

Thornbury aliinua mkono wa simu ya mezani. Nayo haikufungua laini bila namba ya mteja. Kidole chake kilicheza juu ya vitufe bila yeye kukitazama.

Kwenye kioo kidogo likatokea jina: VUNIWAI, T.

Unaisi aling'oa waya ukutani.

Vijana wa Kitengo walipomshusha Thornbury kwa ngazi za nyuma, Unaisi aliifunga mashine kwa utepe, akafuta wino mikononi. Ndani ya mashine mlikuwa na namba nyingine, za wateja ambao Kitengo kiliwazika bila kujua nani aliwauza. Hizo zilitaka kichwa kilichotulia.

Losalini alikuwa bado mapokezi.

"Mama, Tomasi mzima. Rudi sokoni na hela zako."

"Na bili, mwanangu?"

"Kesho. Sijamaliza kuisoma."

Akavuta kofia, akaingia kwenye mvua.