Mshono wa Namba Kumi na Tisa

"Namba kumi na tisa, hujapita."

"Samahani, umesemaje?"

"Hujapita, dada yangu. Chuma chako hiki hapa, nenda nacho ukajionee."

Karani wa ofisi ya leseni akausukuma mfuko chini ya kioo. Kitinda akaupokea kwa mikono miwili. Ndani mlikuwa na vipande viwili vya bamba. Siku ya mtihani alikuwa ameviunganisha kwa moto, mshono mmoja ulionyooka, na watahini wakaukunja kwenye mashine waone kama utashika. Ulikuwa umekatika katikati.

Aliitwa Kitinda kwa kuwa ndiye mtoto wa mwisho kwao. Miaka miwili alikuwa amekaa chuo cha ufundi akijifunza kuchomelea. Karakana ya matangi ilikuwa inamsubiri yeye na leseni yake, kwa sababu bila leseni hawakuruhusu mtu kugusa hata bawaba.

"Na namba ishirini?" akauliza.

Karani akapitisha kidole kwenye orodha. "Amepita. Tena vizuri sana. Leseni yake alishachukua Jumatatu."

Leo ilikuwa Ijumaa.

Namba ishirini alikuwa Cheche, mpenzi wake, fundi mageti aliyejifunzia kazi mtaani na kudumu nayo miaka kumi. Jana tu alimwambia Kitinda kwamba hajapigiwa simu na mtu kuhusu majibu. Kitinda akatoka nje akili zimemruka. Hakumwonea wivu, hata kidogo. Kilichomchanganya ni kwamba siku ya mtihani alijua kabisa mshono wake umekaa. Fundi hujua, kama mpishi anavyojua chumvi imekolea.

Simu ikaita kwenye mkoba. Ujumbe wa Cheche:

"Nimesikia. Pole sana mpenzi wangu. Usilie. Nitakufundisha mimi mwenyewe."

Akausoma mara tatu. Akajibu: "Umesikia kwa nani? Mimi ndiyo kwanza nimetoka dirishani."

Cheche akausoma ujumbe.

*

Nyumbani mama yake alikuwa kwenye cherehani, mdomoni kabana pini. Mama huyu hakutaka habari za chuma tangu mwanzo. Alikuwa amemchagulia mwanawe chuo cha ushonaji, hata fomu akaileta, na Kitinda akaikataa. Wakakubaliana hivi: ajaribu mtihani wa leseni mara moja tu. Akifeli, muhula ujao anaingia ushonaji bila ubishi.

"Mama, nimefeli."

Mama akatoa pini mdomoni moja moja.

"Nipe nione."

"Utaona nini, Mama? Ni chuma."

"Nipe."

Akavaa miwani, akavipeleka vile vipande dirishani, akavigeuza kama anavyogeuza gauni la mteja kutafuta bitana. Alikaa navyo muda mrefu.

"Huu mshono umetoka kulia kwenda kushoto," akasema.

"Mama, chuma si kitambaa."

"Mkono ni mkono. Wewe ukishona unaanzia kushoto, nimekuona tangu ukiwa mdogo. Huyu kaanzia kulia. Tena akifika hapa anapumzika kidogo, halafu anaendelea, ndiyo maana pana kidonda. Hebu twende getini."

"Geti lipi?"

"Letu. Aliloliunda huyo Cheche wako wa mkono wa kushoto."

Wakatoka. Mama akainama kwenye bawaba ya chini, akaweka kipande cha chuma pembeni yake. Mshono ulilala upande uleule, na katikati palikuwa na pumziko lilelile.

"Mama, sielewi."

"Hata mimi sielewi. Kamwulize mwenyewe. Nenda na hivyo vyuma. Hasira iache hapa, nitakutunzia."

*

Cheche alikuwa peke yake gerejini, anapiga msasa mguu wa meza usiohitaji msasa. Kitinda akaviweka vipande viwili mbele yake.

"Hiki chuma ni cha nani?"

"Si kimeandikwa kumi na tisa?"

"Nimeona kilivyoandikwa. Nauliza ni cha nani."

Cheche akaweka msasa chini. Alijifuta mikono kwenye kitambaa mpaka kitambaa kikachoka.

"Ni changu."

"Kilifikaje kwangu?"

"Nilibadilisha namba. Ziliandikwa kwa chaki tu. Ulipokwenda kunawa nikafuta, nikaandika upya. Changu nikakipa namba yako, chako nikakipa yangu."

"Ili upite wewe."

"Ili upite wewe."

Kitinda alikuwa ameshafungua mdomo kumtukana. Ukabaki wazi hivyohivyo.

"Sijakusikia."

"Nilikuona mkono unatetemeka kabla hujawasha. Nikakumbuka maneno ya mama yako, kwamba ukifeli ndiyo basi. Nikasema moyoni, mimi gereji ninayo, nikifeli nitarudi mwakani. Yeye akifeli atapelekwa ushonaji, atalia maisha yake yote. Nikakupa changu. Nilijua chako kitakatika."

"Ulijua."

"Nilidhani."

"Umesema ulijua, Cheche. Miaka miwili nakuletea kazi zangu za chuoni uzitazame. Unaniambia safi, mpenzi, safi. Kumbe moyoni unasema kitakatika."

"Nilikupenda, Kitinda. Ningefanya nini tena?"

"Ungeniacha nishindwe mwenyewe."

Mtu aliyekuwa tayari kupoteza leseni yake kwa ajili ya Kitinda alikuwa huyuhuyu asiyeamini kwamba msichana huyo anaweza kushika moto. Kitinda aliyageuza mambo hayo mawili kichwani na hayakukaa pamoja. Alimwonea huruma. Alitaka pia kumpiga na bamba utosini.

"Haya. Hilo la kubadilisha labda nitalielewa nikizeeka," akasema. "Hili la siku nne ndilo silielewi kabisa. Umechukua leseni Jumatatu. Jana ukanidanganya."

"Aibu. Miaka kumi nachomelea, watu wananiita fundi, halafu mshono wangu ndio uliokatika. Niliiona namba yako imekatwa kwenye orodha. Kila asubuhi nilisema leo nitamwambia."

"Ukaniandikia kwamba utanifundisha."

Cheche akainamisha kichwa.

"Ungenifundisha nini, Cheche?"

Cheche akavuta droo, akatoa leseni, akamsogezea mezani. Ilikuwa na picha yake akitabasamu nusu.

"Chukua."

"Niipeleke wapi? Ina sura yako."

"Basi mwambie mtahini. Nitakubali yote."

"Mimi simwambii mtu. Siyo mimi niliyefuta chaki."

Akaokota vyuma vyake, ambavyo havikuwa vyake, akaondoka.

*

Jumamosi ikapita, Jumapili ikapita. Cheche hakupiga simu, wala Kitinda hakupiga. Fomu ya chuo cha ushonaji ilikuwa juu ya meza ya chakula, imejazwa nusu kwa mwandiko wa mama.

"Unampenda?" mama akauliza.

"Nampenda."

"Unamchukia?"

"Ndiyo."

"Vyote viwili?"

"Vyote, Mama. Saa hiihii."

"Basi kula kwanza. Mapenzi na chuki kwenye tumbo tupu ni ugonjwa."

"Na asipokwenda kusema?"

"Utakuwa umejua uliyetaka kuolewa naye ni nani. Kujua nako ni faida, ijapokuwa inauma."

Jumatatu asubuhi simu ikaita, namba ngeni.

"Kumi na tisa?"

"Ndiyo, ni mimi."

"Hapa ni Mtahini. Njoo na kofia yako ya kuchomelea. Kuna kijana nimemkuta kakaa mlangoni kwangu kabla sijafungua ofisi. Anachosema sijawahi kukisikia tangu nianze kazi hii. Nataka kuona mshono wako kwa macho yangu."

Safari hii alikuwa peke yake ukumbini. Mtahini, mama wa makamo mwenye makovu madogo ya moto viganjani, alisimama hatua mbili nyuma yake bila kusema neno. Mkono wa Kitinda ukaanza kutetemeka. Uliendelea kutetemeka mpaka moto uliposhika chuma, hapo ukatulia, na yeye akasahau kama kuna mtu nyuma.

Bamba likapoa, likagongwa namba kwa mhuri wa chuma, likaingizwa kwenye mashine. Mashine ikakunja taratibu. Chuma kikapinda, kikazidi kupinda, ncha zikatazamana. Mtahini akapitisha kidole juu ya mshono, akarudia.

"Huo mkono hutetemeka kila ukitaka kuanza?"

"Kila siku."

"Na wangu pia," Mtahini akasema, akatia saini.

Kitinda akampigia mama yake akiwa bado kwenye korido.

"Mama, nimepita."

Upande wa pili cherehani ikasimama.

"Mama?"

"Nipo. Sasa cherehani yangu atarithi nani?"

"Mama jamani."

"Nakutania. Lia tu, mwanangu, nakusikia."

*

Cheche alikuwa ameketi kwenye ngazi za nje, karatasi magotini. Alipomwona akasimama, kisha akaketi tena, hakujua lipi ni adabu.

"Umepita?"

"Nimepita."

"Hongera." Akameza mate. "Mimi leseni wameichukua. Nimefungiwa mwaka mzima, na sirudi kwenye mtihani mpaka nilete cheti cha chuo."

"Wewe uliyesema kuchomelea hakufundishwi ubaoni?"

"Mimi huyohuyo." Akamwonyesha fomu mbili. "Hiki chuo ni miezi mitatu, kipo jirani na gereji. Hiki ni mwaka, kipo mbali, tena wanaanza na michoro na hesabu. Nimekaa hapa tangu asubuhi sijui nishike kipi."

"Unataka nini, cheti au kazi?"

Cheche alifikiri kweli kweli.

"Nataka kujua kwa nini mshono wangu ulikatika."

"Basi ni hiki cha mwaka."

Akaijaza hapohapo, karatasi juu ya goti. Kitinda akaketi ngazi ya juu yake, karibu lakini si karibu sana. Hasira ilikuwepo. Mapenzi nayo yalikuwepo, hayakuwa yamekwenda popote. Alikuwa amechoka kuyatenganisha.

Kalamu ikasimama.

"Hapa wanataka mtu wa karibu," Cheche akasema bila kumtazama. "Jina na uhusiano. Sitaki kuandika kitu chako bila kukuuliza. Niandike nani?"

"Niandike mimi."

"Na kwenye uhusiano?"

Karani akapita, akawasalimu, wakaitikia.

"Andika mchumba."

"Una uhakika?"

"Sina," akasema Kitinda. "Andika hivyohivyo."